Kufuli la Alasiri

Kibwana alikuwa na siku tatu tu katika mtaa ule wa maduka. Aliporudi kutoka kuswali alasiri, alimkuta mwanamke ameshika kufuli la duka lake.

"Mwizi!"

Neno lilimtoka kabla hajafikiri, na mtaa mzima ukaitika. Wapita njia walimbwaga chini, wakamshindilia mateke ya mbavu. Kibwana mwenyewe aling'oa ubao wa benchi, akamshushia mgongoni mara mbili. Mwanamke hakulia wala hakujikinga. Alinyoosha mkono kuelekea mlangoni. Mtu akaukanyaga, vidole vikavunjika kwa mlio wa kuni kavu.

"Mwacheni! Mwanakombo huyo!" Muuza viatu wa jirani, aliyekuwa akitoka msikitini, alijitupa juu yake. "Tukienda kuswali hupita akikagua makufuli yetu. Hasemi, lakini hajawahi kuruka duka hata moja!"

"Tungejuaje?" Kibwana alifoka. "Watu kama hawa si wana kadi ya ulemavu?"

"Dada yake anaiomba mwaka wa nne sasa. Ofisini wanamuuliza, ulemavu gani, mbona miguu anayo, macho anayo?"

Kibwana akatazama mlango wake. Kufuli lilikuwa linaning'inia wazi; yeye mwenyewe alikuwa amesahau kulifunga.

Mwanakombo alijiinua kwa magoti, damu ikimchuruzika puani. Kwa mkono uliosalia mzima akalibana kufuli mpaka likalia ta! Akalivuta, kuhakikisha.

Kisha akajikokota hadi mlango uliofuata. Umati ukampisha. Kibwana alibaki na ubao mkononi, asijue auweke wapi.