Kazi ya Kuwa Binti

"Shikamoo baba," mwanamke alisema kwenye simu, kwa sauti isiyo yake.

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Wewe je, au umemnunia tena mpishi?"

Mzee akacheka mpaka akapaliwa. Hakuwa baba yake. Hawakuwahi hata kuonana.

Soko lile la kwenye simu halikuwa na mwenyewe wala ofisi. Simu zilitafutana zenyewe, zikaunganisha kazi za watu wasiojuana: mmoja ampikie mzee, mwingine amfulie, wa tatu aigeuze sauti ifanane na ya binti yake aliye mbali, na mwanamke huyu aongee, dakika kumi kila asubuhi. Mmoja akikosa siku moja tu, wote wanaondolewa sokoni, na mzee analala na njaa. Mwanamke hakuwa na kazi nyingine.

Safari ya kwao ni siku mbili za barabara isiyo na mtandao; ndiyo maana mwaka wa pili huu hajaenda kumwona mama yake, na alimwacha mgonjwa. Angeomba ruhusa, lakini kwa nani? Alibonyeza hapa, akabonyeza pale, simu ikamjibu: Asante kwa ujumbe wako. Basi akamwachia Mungu, akawa anampigia mama kila jioni.

"Mama, kifua kinasemaje?"

"Kimepona, Kasuku wangu."

Ni mama peke yake aliyemwita Kasuku, maana utotoni alikuwa hanyamazi.

Na kweli, miezi mitatu mama hajakohoa hata mara moja. Hata lile swali lililokuwa likimchoma moyo, "Utakuja lini?", aliacha kuliuliza. Mwanamke alipiga magoti akashukuru.

"Siku hizi hunidai safari, mama. Umenichoka?"

"Nikuchoke wewe? Fanya kazi, mwanangu. Mimi nipo."

Jumanne asubuhi, alipomaliza kuongea na mzee, akashika ufagio. Simu ikalia. Kulikuwa na kazi nyingine ya kuongea; aliyekuwa akiifanya ameugua, anatafutwa mzoefu wa kushika nafasi yake kuanzia leo. Akasoma maelezo akiwa amesimama vile vile:

"Uwe mama. Dakika kumi, kila jioni. Sauti itageuzwa. Binti atapiga mwenyewe. Usikohoe. Usimuulize atakuja lini. Mwite Kasuku."