Ufa wa Bweni

Kamera hazionyeshi ufa. Tangu ije sheria ya picha safi, kila kamera hurekebisha kibovu kabla ya kukihifadhi, na kukichora kwa mkono ni kosa.

Mke wangu Zawena alikuwa anafundisha uchoraji sekondari na kusimamia gazeti la wanafunzi. Mimi ni fundi mwashi, shule niliiacha darasa la sita, lakini ukuta unaotaka kuanguka naujua. Ufa wa bweni la wasichana ulikuwa unapitisha kiganja.

Wanafunzi waliupiga picha mara nne, ukuta ukatoka mzima. Mkaguzi wa majengo akanicheka. “Fundi, ufa uko machoni mwako.”

Zawena akachota mkaa jikoni.

“Mama Tausi, utatufukuzisha.”

“Wewe shika karatasi, Baba Tausi.”

Wanafunzi kumi na mmoja, binti yetu akiwemo, wakauchora. Michoro ikabandikwa langoni siku ya wazazi. Wazazi wakaenda kuushika ukuta wenyewe, wakawatoa watoto wao jioni ileile.

Bweni lilianguka Jumanne, likiwa tupu. Kwenye picha limesimama, hivyo kosa likabaki kosa. Zawena amenyang'anywa kibali cha kufundisha. Nyumba ya shule tumeihama. Wanafunzi kumi na mmoja wamefutiwa mtihani wa kidato cha nne, na Tausi sasa ananichanganyia saruji.