Mkono wa Kushoto

Tangu kiharusi kimpige, Mwanakombo hakuwahi kushika tena kichwa cha mtu, yeye aliyesuka maharusi wa mji mzima. Kesho bintiye Salha angeolewa, na sasa alikuwa amekaa mkekani, kati ya magoti ya mama yake.

Mkono wa kulia ulikamata nywele, ukapotea njia. Mwanakombo akafumua. Ukapotea tena.

“Mama, basi. Nitakwenda kwa msusi mwingine.”

“Tulia, mwanangu.”

Akafikiri. Kisha wa kulia akauachia kazi ya kushika tu, akaupa wa kushoto kusuka. Vidole vikababaika, vikakosea, polepole vikaanza kuelewa.

Msuko wa kwanza ulitoka umepinda kama njia ya mbuzi. Salha akaufuata kwa kidole, kutoka utosini hadi kisogoni, kisha akainamisha kichwa, mama asuke wa pili.