Bangili ya Sijambo

Kila asubuhi bangili iliyofungwa mkononi mwa kila kijana huuliza, "Hujambo?" Akijibu "Sijambo," humeta kijani. Kwa majibu hayo Mwanahawa, mwanasaikolojia wa vijana, alitangaza kuwa huzuni imekwisha nchini, akapewa uprofesa.

"Uprofesa wa salamu!" mama yake, Bi Riziki, alisonya. "Hata mahututi hujibu sijambo."

"Mama, hii ni sayansi."

Bi Riziki akamtazama mjukuu wake, Saumu, aliyekuwa akimtolea bibi miiba ya samaki. "Sayansi! Mwanao hajala tangu jana."

Mwanahawa akageuka. "Saumu, hujambo?"

"Sijambo, mama." Chozi likadondokea bangili, nayo ikameta kijani.

"Umeona?" Mwanahawa akasema, akachukua mkoba wake.

"Nimeona," Bi Riziki akajibu, akimfuta mjukuu wake uso kwa kanga.