Matoleo Mawili, Namba Moja

Fundi mitambo alimkaba koo mwandishi wa programu, akambamiza ukutani mpaka jino likadondoka sakafuni.

"Programu yako imemsaga mdogo wangu mkono!"

"Hitilafu ile niliirekebisha wiki iliyopita," mwandishi alijitetea, damu ikimchuruzika puani. "Toleo la 2.4.1. Angalieni wenyewe!"

Dada wa kompyuta, aliyekuwa na kazi ya kupakia programu kwenye mashine za kiwanda, akaangalia. 2.4.1 ilikuwepo kweli. Lakini tarehe ilikuwa ya mwezi uliopita, na jina la aliyeitengeneza lilikuwa la dada mwenyewe.

Akakumbuka. Alikuwa amelichokonoa kidogo toleo la 2.4, akalibatiza 2.4.1 bila kuongeza mwishoni mwa namba hata herufi moja ya kuonyesha kuwa ni la kiwanda, si la mwandishi. Kumbe toleo la mwandishi lilipofika, mashine iliona namba ile ile, ikadhani inalo tayari, ikalikataa.

Ngumi nyingine ilitua. Kitu kikavunjika usoni mwa mwandishi.

Dada angeweza kulifuta faili lake, asijue mtu. Kidole chake kilishagusa kitufe.

"Mwache, kaka," alisema. "Ni mimi."

Fundi alimwachia mwandishi, akageuka, akaokota spana.