Tasbihi ya Bi Zuwena

Siku tatu zilizopita Bi Zuwena alitaka mjukuu wake akatwe kimeo, maana kikohozi kilikuwa kimemwandama. Nesi Sikudhani akamfunua mtoto kifua. "Bibi, hesabu wewe mwenyewe pumzi zake. Mimi naangalia saa."

Kila pumzi, Bi Zuwena akavuta ushanga mmoja wa tasbihi yake. Dakika ilipoisha, zilikuwa hamsini na nane.

"Kimeo hakina kosa. Pumzi za mbio hivi ni nimonia," nesi akasema, akampa dawa.

Leo wamerudi zahanati. Bi Zuwena hakungoja kuambiwa. Alimfunua mtoto mwenyewe, akaanza kuvuta shanga.

"Basi! Dakika imeisha," nesi akasema.

"Thelathini na moja!" Bibi akapiga kigelegele, foleni nzima ikageuka. Mtoto akaidaka tasbihi, akaivuta kwa nguvu zake zote, na bibi akamwachia.