Mlinzi wa Bibi Kobe

Wanyama walipoanza kuwekeana walinzi, Pimbi mdadisi alikabidhiwa mlango wa Bibi Kobe, kwa kuwa wote waliamini kwamba wezi huwawinda wazee. Mwezi mzima alisimama pale na mkuki wake, wala hakutokea mwizi hata mmoja.

"Bibi, umewahi kuibiwa?" akauliza.

"Mimi? Sitoki, mjukuu wangu. Naogopa."

Mara akapita Ngedere kijana, sikio likimvuja damu. "Kima kaninyang'anya pera!"

Pimbi akamfuata huyo Kima, rika la Ngedere, akamkuta jicho limevimba, pera mkononi.

"Pera la nani hilo?"

"Langu! Juzi Ngedere alinipiga ngumi, akanipora matatu. Muulize!"

Pimbi akarudi kumuuliza Ngedere, naye akakiri.

Siku hiyohiyo Pimbi akabeba mkuki wake kuelekea uwanjani wanakocheza vijana. Bibi Kobe akachomoza shingo kwa hasira.

"Ndiyo nini hii? Unaniacha mimi mzee, ukawalinde wezi?"

"Nakwenda kuwalinda walioibiwa, Bibi," akajibu Pimbi. "Nimewatafuta, na nimekuta ni wale wale unaowaita wezi."